Tuachieni saa moja kabla ya filimbi: barua ya wazi kwa wanaosimamia michezo nchini

Kwenu viongozi wa wizara yenye dhamana ya michezo, Baraza la Michezo la Taifa, vyama vya riadha, soka, netiboli na ngumi, maofisa michezo wa mikoa na wilaya, na wengine wote mnaoketi jukwaa kuu.

Waheshimiwa, salaam.

YAH: MCHECHETO

Nimetumia neno la mtaani kwa sababu ndilo tunalolitumia uwanjani. Mwanafunzi wangu hawezi kuja kuniambia ana msisimko uliopitiliza wa mfumo wa neva. Atasema, "Ticha, nina mchecheto," nami nitaelewa papo hapo: mikono ya baridi, tumbo linacheza, na choo atakiona kila baada ya dakika tano. Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari ya kata. Nafundisha riadha na netiboli, huu ni mwaka wa kumi na tisa, na nimeona mashindano mengi yakipotea kabla filimbi haijalia. Ninalowaomba halihitaji bajeti. Saa moja ya mwisho kabla ya shindano, msiingie walipo wachezaji.

Mwaka mmoja nilikuwa na binti wa mita 800, kidato cha tatu. Jina lake silitaji, wala mkoa, wala mwaka. Mwendo wake ulikuwa wa kupangika kama saa ya ukutani: mzunguko wa kwanza sekunde 68, wa pili 72, jumla dakika 2 na sekunde 20. Mazoezini hivyo, kwenye mchujo hivyo. Siku ya fainali aliamka vizuri, akanywa chai na mkate, akaanza kupasha mwili huku anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini, kama kawaida yake. Zilikuwa zimebaki dakika thelathini hivi, ndipo ikaja gari.

Akashuka kiongozi, akaomba watoto wakusanyike chini ya mwembe. Nikamwambia, mheshimiwa, wanapasha. Akasema ni dakika mbili tu. Alizungumza dakika kumi na nne. Nilizipima kwa saa ile ile ninayopimia mbio. Alisema mkoa mzima unawatazama. Alisema mapokezi yameshaandaliwa na ngoma imeshalipwa. Alisema dhahabu ya mita 800 tayari tumeshaihesabu, imebaki kwenda kuichukua, akamnyooshea kidole yule binti. Watu wakapiga makofi. Akamalizia kwa kicheko, "Ukirudi mikono mitupu, usipande basi letu."

Naamini alikuwa anatania. Makofi yalipokoma, binti akaniomba ruhusa ya kwenda chooni. Akarudi, akaomba tena. Nilimshika vidole, vilikuwa kama vimetolewa kisimani. Kwaya ilikuwa imekatika. Kwenye mstari wa kuanzia, mabega yalikuwa yamepanda karibu yaguse masikio. Bastola ilipolia alitoka kama anayefukuzwa na nyuki. Mzunguko wa kwanza, sekunde 62. Mwenye kuijua mita 800 angefunga daftari hapo hapo. Alipofika mita 500 miguu ikawa ya zege, mita 600 wakampita watatu kwa mpigo, akamaliza wa saba kwa dakika 2 na sekunde 33. Akakaa kwenye nyasi, akawa anaangalia viatu vyake. Kiongozi akaniambia, mbele yake, "Mwalimu, huyu hana moyo."

Waheshimiwa, moyo alikuwa nao. Ulikuwa unapiga kupita kiasi, hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Kinachotokea mwilini kinajulikana vizuri. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Mapigo ya moyo hupanda. Pumzi huwa fupi, za kifuani tu. Damu huhama tumboni kwenda kwenye misuli mikubwa, ndiyo maana mtu husikia kichefuchefu na kukimbilia chooni. Shingo, taya na mabega hukaza. Hata upeo wa kuona hubana, mchezaji akawa anaona kilicho mbele ya pua yake na kumkosa mwenzake aliyebaki peke yake pembeni akipunga mkono. Kwa mtu anayekimbizwa na nyati, yote haya ni neema. Kwa mkimbiaji pia ni msaada, lakini kwa kiasi. Asipochemka kabisa atakimbia kama anayekwenda dukani kununua chumvi. Akichemka mno anaungua kabla ya nusu ya safari.

Kiasi hicho kilianza kutafutwa zamani. Mwaka 1908 Wamarekani wawili, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua kati ya vijia viwili, na kila panya alipokosea walimpiga shoti ya umeme. Shoti ilipokuwa hafifu, panya hawakujali. Ilipokuwa ya wastani, walijifunza upesi. Ilipozidi, kwenye zile kazi ngumu, panya wakavurugikiwa. Na kadiri kazi ilivyokuwa ngumu, ndivyo shoti iliyofaa ilivyopungua. Wataalamu wa michezo wakaja kuichukua picha hiyo: mlima ambao kilele chake kiko katikati, na ukizidi kwenda mbele unateremka upande wa pili.

Hotuba ya chini ya mwembe ilikuwa shoti.

Sisemi mchezaji apoozwe. Michezo haifanani. Mrusha tufe au mnyanyua vyuma anaweza kupandishwa mzuka hadi angurume, na tufe likaenda mbali zaidi. Lakini mlenga shabaha, mpiga penalti, mfungaji wa netiboli anayesimama na mpira juu ya kichwa huku beki amemnyooshea mkono usoni, hao wanahitaji kidole kisichotetemeka. Kuwapa wote hotuba moja ni sawa na kuwapa wagonjwa wa wodi nzima kidonge kimoja.

Hata ndani ya mchezo mmoja watu hawafanani. Yuri Hanin, mtaalamu aliyetokea Urusi, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba kila mwanamichezo ana ukanda wake wa msisimko anamofanya vizuri; wa mwingine uko juu, wa mwingine chini. Sisi tunao ushahidi wetu nyumbani. Filbert Bayi alikuwa mtu wa kutoka mbele tangu mwanzo na kuwaacha wenzake wahangaike nyuma. Ndivyo alivyofanya Christchurch mwaka 1974 alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500. Alphonce Simbu ni mtu mwingine kabisa. Tokyo, Septemba 2025, alikaa na kundi, akasubiri, akasubiri tena, akamnyakua Mjerumani Amanal Petros pale kwenye utepe kwa tofauti ya sekunde 0.03 tu, baada ya kukimbia kilomita 42 na ushei. Alisema mwenyewe kwamba hakuwa na hakika kama ameshinda hadi alipoona jina lake kwenye skrini. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Sasa mchukueni Simbu mumkimbize kama Bayi, au Bayi mumzuie kama Simbu, muone kama mtapata kitu.

Halafu kuna lugha. Nikisoma vitabu vya saikolojia ya michezo nacheka kidogo, maana wanazunguka kurasa nyingi kutafuta tofauti ambazo Kiswahili cha uwanjani kilishazitenga. Tunasema mtu amepandwa na mori: huyo yuko tayari, mwili umechemka na kichwa kipo. Tunasema amepania: huyo ameshavuka, anataka kufunga magoli matatu kwa shuti moja, mwangalieni, dakika ya kumi ana kadi ya njano. Ana kiherehere: anatoka kabla ya bastola. Ana mchecheto: mwili unamtetemeka ingawa kichwani bado anajua anachotaka. Ana wasiwasi: mwili unaweza hata kuwa umetulia, lakini kichwani kuna kinanda kinachopiga wimbo mmoja, nikikosa je, nikikosa je. Amepaniki: kimeshamwagika. Na amepoa, ambaye hata mkimtukana hasikii.

Kati ya hao wote, wa kuogopwa ni yule mwenye mchecheto na wasiwasi kwa pamoja. Lew Hardy na wenzake wa Uingereza waliliona hili: mwili uliochemka peke yake si balaa, lakini ukichanganyika na wasiwasi mkubwa wa kichwani, kiwango hakishuki ngazi kwa ngazi, kinaporomoka kama ukuta wa udongo wakati wa masika. Na kuujenga upya si kazi ya dakika mbili za mapumziko. Mchecheto wa binti yangu ulikuwa wa kawaida, angeumaliza ndani ya mita mia za mwanzo. Wasiwasi uliletwa na gari.

Niseme na langu, nisije nikaonekana mtakatifu. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nafokea watoto kwenye mstari. Nilikuwa na msemo wangu wa kijinga, "Leo ni kufa na kupona." Niliwahi kumpiga kijana wa kuruka juu makofi mawili ya mgongoni ili "aamke", akaenda akaangusha ufito mara tatu kwenye urefu ambao mazoezini alikuwa anauruka huku anapiga stori. Nilimlaumu yeye. Ilinichukua muda kujua kwamba makofi yale yalikuwa ya kutuliza mchecheto wangu mimi.

Hapo ndipo nataka mniangalie vizuri. Wengi wenu mnapoingia vyumbani hamwendi kumsaidia mchezaji. Mnakwenda kupunguza presha yenu: mmeahidi juu huko, mmetoa fedha, mmeshasema redioni kwamba kombe linakuja. Mzigo ukiwazidi mnautua kwenye mabega ya mtu ambaye ndani ya dakika ishirini anatakiwa awe mwepesi.

Twendeni kwenye soka, maana huko ndiko mnakosikiliza. Aprili 2022, Simba walitolewa robo fainali ya Kombe la Shirikisho na Orlando Pirates kwa matuta 4-3, kule Soweto. Aprili 2023, Simba hao hao, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, walitolewa na Wydad pale Casablanca, matuta 4-3. Aprili 2024 ikawa zamu ya Yanga: sare bila goli Dar es Salaam, sare bila goli Pretoria, halafu Mamelodi Sundowns wakashinda matuta 3-2. Miaka mitatu, Aprili tatu, mlango ule ule. Bahati imo, makipa wa watu ni hodari, na waliokosa siwataji kwa sababu wametukanwa vya kutosha. Lakini kila baada ya Aprili hizo nilisikia maneno mawili yakirudi kwenye vijiwe na studio: "matuta ni bahati nasibu" na "wachezaji wetu hawana roho ngumu." Maneno hayo mawili yanakufa yenyewe yakikutana. Kama ni bahati nasibu, roho ngumu ya nini?

Geir Jordet wa Norway ameyachambua matuta ya mashindano makubwa kwa miaka mingi, mkwaju kwa mkwaju. Ameonyesha kwamba mchezaji anayejua akifunga timu imeshinda hufunga mara nyingi zaidi kuliko anayejua akikosa timu imetolewa. Mpira ni ule ule, mita 11 zile zile, kipa yule yule. Kilichobadilika kiko kichwani. Ameonyesha pia kwamba wanaokimbilia kupiga mara tu filimbi inapolia hukosa zaidi ya wanaojipa muda. Nikisoma hivyo nakumbuka mabega ya binti yangu. Mwenye hofu anataka yaishe haraka, hata kama yataisha vibaya.

England walikuwa na ugonjwa huu kwa kizazi kizima. Gareth Southgate mwenyewe alikosa penalti mwaka 1996, nusu fainali ya Ulaya, uwanja wa nyumbani. Alipokuja kuwa kocha hakuwahubiria wachezaji wake ujasiri. Aliwapa mazoezi ya matuta mapema kabla ya mashindano, wakiwa wamechoka, na akawafundisha wasiharakishe. Mwaka 2018 wakawatoa Colombia, mara yao ya kwanza kabisa kushinda matuta kwenye Kombe la Dunia.

Lakini mfano ninaoupenda uko jirani. Fainali ya AFCON, Libreville, Februari 2012, Zambia na Ivory Coast. Wenzetu wale walikuwa na mzigo ambao sisi hatujawahi kuubeba: mwaka 1993 ndege ya timu yao ya taifa ilianguka baharini karibu na mji huo huo, wakafa wachezaji 18. Kabla ya fainali walikwenda ufukweni, wakaweka maua. Wakamaliza dakika 120 bila goli, wakaingia kwenye matuta dhidi ya Ivory Coast ya Didier Drogba na Yaya Touré. Waliobaki kati ya uwanja walipiga magoti, wakashikana, wakawa wanaimba. Mpiga mkwaju anakwenda mbele na wimbo nyuma yake, anarudi anaukuta. Wakashinda 8-7. Wapo waliosema ni miujiza. Mimi kama mwalimu naona kitu kingine pia: huwezi kuimba bila kutoa pumzi ndefu, na huwezi kuwaza "nikikosa je" wakati unatafuta sauti ya pili. Binti yangu wa mita 800 alikuwa anaijua dawa hiyo bila kufundishwa na mtu. Tulimkatisha.

Kuhusu kamati ya ufundi, ile nyingine ya waganga, msijifanye hamuijui. Timu kubwa za nchi hii zimewahi kutozwa faini kwa kukataa kuingia vyumba vya kubadilishia nguo au kupita milango isiyo rasmi, na sababu kila mtu anaijua. Siandiki kuwacheka. Anayevaa soksi ya kushoto kwanza, anayegusa nyasi na kuomba, anayetaka basi liingie kinyumenyume, wote wanatafuta kitu kimoja: jambo moja wanaloweza kuliamua wao katika siku ambayo mengine yote hayamo mikononi mwao. Na utaratibu unaorudiwa kila mara kabla ya shindano kweli hutuliza. Makocha wa dunia nzima wanaufundisha. Tofauti ni kwamba utaratibu wa mchezaji ni wake, anatembea nao, hauhitaji fungu la fedha wala mtu wa kuja usiku. Kwa mshahara wa mganga mmoja wa msimu mngepata mtaalamu wa saikolojia wa mwaka mzima, tena mwenye risiti.

Nikaanza kufanya tofauti, na nisimulie jinsi, maana haikuwa sayansi ya maabara. Mfungaji wangu wa netiboli alikuwa anafunga mipira minane kati ya kumi kukiwa kimya. Kwenye mashindano, miwili. Siku moja nikawaita kidato cha kwanza wote, nikawapa madebe na mifuniko ya sufuria, nikawaambia wampigie kelele na kumzomea kila akinyanyua mpira. Siku ya kwanza alifunga mitatu kati ya kumi, akalia, akanisusia. Mama yake akaja shuleni kuuliza kwa nini mwanawe anazomewa na watoto wadogo. Nikamweleza, akaniangalia kama aliyekunywa kitu. Tukaendelea kila Jumatano. Nilimfundisha kupumua kama anayepoza uji wa moto: vuta kwa puani taratibu, halafu puliza kwa mdomo, polepole, muda mrefu zaidi ya ule wa kuvuta, uji usimwagike. Mara mbili kabla mpira haujamfikia; ukishafika, angalia nyuma ya pete, tupa. Kila mara vile vile. Baada ya miezi miwili madebe yalikuwa yanalia naye anafunga saba. Kwenye mashindano mashabiki wa timu pinzani walimzomea sana. Akaniambia baadaye, "Ticha, hawa hawana hata madebe."

Jambo lingine ni jina la kitu. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha majaribio yake: watu waliokuwa na hofu ya kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu mbele za watu walifanya vizuri zaidi walipojiambia wamesisimka kuliko walipojilazimisha kutulia. Mwili uliochemka ni vigumu kuupoza kwa amri, lakini unaweza kuupa jina lingine. Kwa Kiswahili ni rahisi kuliko kwa Kiingereza. Siku hizi mtoto akiniambia ana mchecheto namuuliza, "Au ni mori huo?" Anafikiri kidogo. Mara nyingi anacheka. Moyo unaendelea kudunda vile vile, lakini sasa unadunda kwa ajili yake.

Kuna msongo mwingine ambao kupumua hakuufikii, nao uko mikononi mwenu moja kwa moja. Mtoto aliyesafiri siku mbili kwenye basi, akafika saa sita usiku, akalala kwenye godoro darasani huku mbu wanamla, akaamshwa alfajiri kwa mchujo, huyo tayari mwili wake uko kwenye hali ya hatari kabla hajaona mpinzani. Mchezaji mkubwa anayedai posho ya kambi iliyopita, ambaye mkewe amempigia asubuhi kuulizia ada, naye ni hivyo hivyo. Usingizi unapungua, misuli haipati ahueni, hasira ziko karibu. Halafu mnaingia kumwambia awe mzalendo. Mlipeni kwanza. Mfikisheni siku mbili kabla, atembee uwanjani, ajue choo kiko wapi na jua linatokea upande gani. Ugeni wenyewe tu ni nusu ya mchecheto.

Fedha za motisha sizikatai. Goli la Mama, ile zawadi ya Rais Samia, lilipoanza mwaka 2023, shilingi milioni tano kwa kila goli, kila mchezaji wa Simba na Yanga alilijua dau mapema, akalizoea, likawa sehemu ya kazi. Ninaloliogopa mimi ni bahasha ya mapumziko: mtu anaingia timu ikiwa nyuma goli moja, anapandisha dau mara mbili, anatoka. Kocha alikuwa na dakika kumi na tano za kuwarudisha kwenye mpango. Sasa ana vichwa kumi na moja vinavyopiga hesabu ya mabati.

Kwa hiyo, saa moja. Iandikwe kwenye kanuni za mashindano, kuanzia ya shule hadi timu za taifa: dakika 60 kabla ya shindano na wakati wa mapumziko, wanaoruhusiwa kuwa na wachezaji ni benchi la ufundi na daktari. Anayetaka kusalimia asalimie mazoezini siku mbili kabla. Kwa kweli watafurahi, wachezaji wanapenda kutembelewa. Mtakaposhindwa kabisa kujizuia, mwandikieni kocha ujumbe wa simu, naye ataamua kama aufikishe.

Na wekeni mtu. Timu za taifa zikiingia kambini kuna daktari wa misuli, kuna wa kufua jezi, kuna wa habari. Mtaalamu wa saikolojia akiitwa, huitwa mara moja, usiku wa kuamkia mechi, kama anayekuja kuombea safari. Huyo naye anakuwa hotuba nyingine. Anatakiwa akae nao tangu siku ya kwanza, amjue nani akichemka anakuwa simba na nani akichemka anakuwa maji. Vyuo vyetu vinatoa wahitimu wa ushauri nasaha kila mwaka, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sayansi ya michezo, na Malya tunacho chuo cha michezo. Sisi makocha wa shule tupeni walau wiki moja ya mafunzo, nasi tutawaletea watoto ambao hawajaharibiwa. Wapo pia ambao wasiwasi wao si wa mashindano tu: hawalali, hawali, wanatetemeka hata siku isiyo na mchezo. Hao madebe na uji wa moto si dawa yao. Wanahitaji hospitali, na sisi tunahitaji kufundishwa kuwatambua.

Baada ya kushindwa, nyamazeni walau siku moja. Julai 2010 Asamoah Gyan aligonga mwamba kwa penalti ya dakika ya mwisho kabisa, Ghana ikiwa hatua moja kuingia nusu fainali ya Kombe la Dunia. Dakika chache baadaye matuta yakaanza, na aliyekwenda kupiga la kwanza la Ghana alikuwa yeye, akafunga. Ghana walitolewa hata hivyo. Lakini mtu aliyekosa mbele ya bara zima akaachiwa mpira tena ndani ya muda huo huo. Jiulizeni kwetu nani angemwachia.

Binti wa mita 800 hakukimbia tena baada ya mwaka ule. Alimaliza kidato cha nne, akajifunza cherehani, anashona vizuri sana. Sare za timu yangu ya netiboli ni kazi yake. Siku moja wakati ananipima suti nilimuuliza anakumbuka nini cha fainali ile. Alikuwa na pini mdomoni, akazitoa kwanza. Akasema, "Basi, mwalimu. Nilikuwa nawaza nitarudi nyumbani na basi gani."

Mashindano ya wilaya yetu yanaanza mwezi ujao. Darasa watakalobadilishia nguo lina mlango mmoja, na kufuli nimeshanunua kwa fedha yangu, shilingi elfu nane. Atakayekuja kabla ya mbio atanikuta nimekaa nje kwenye benchi na chupa ya chai. Karibuni tukae wote. Mbio zikiisha nafungua, na hotuba ya dakika kumi na nne tutaisikiliza yote.

Wenu katika michezo,
Mwalimu wa michezo, sekondari ya kata